Hofu ya Ghafla na Programu za Simu

Msikilizaji, umekaa kwenye daladala la Tandika, jijini Dar es Salaam, gari limejaa, foleni haisogei. Mara moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, na wazo ni moja tu: nakufa. Unamwomba konda akushushe. Hospitali wanapima moyo, wanapima presha, majibu safi. Wiki inayofuata, yale yale. Huo huenda ni ugonjwa wa mashambulio ya hofu, nao ni ugonjwa wa kweli. Kumwambia mtu huyo "punguza mawazo" si kumsaidia.

Siku hizi wengi wanakimbilia programu za simu, kama MindShift ya shirika la Anxiety Canada. Naziunga mkono, kwa sharti: zimfundishe mgonjwa kuikabili hofu, si kuikimbia. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alieleza kinachouendesha ugonjwa huu: mtu anasikia moyo ukidunda, anadhani ni kifo, hofu inapanda, moyo unazidi kudunda. Dawa ni kuuonyesha mwili kwamba hofu hufika kileleni, mara nyingi ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe bila wewe kukimbia. Ndiyo maana mtaalamu humtaka mgonjwa aheme haraka haraka kwa makusudi, au azunguke kwenye kiti mpaka apate kizunguzungu, azizoee hisia zile.

Sasa mtazame abiria aliyekodolea macho kiduara cha kwenye simu, kinapanuka na kusinyaa kumwongoza apumue. Amekaa jirani na mlango, nauli keshalipa ili ashuke wakati wowote. Akifika Kariakoo salama, anaamini simu ndiyo iliyomwokoa. Chaji ikiisha je? Amepewa gongo la kutembelea na miguu yake mizima. Programu inayofaa humpa kazi: leo vituo viwili, kesho vinne, kisha simu mfukoni.

Daktari aonwe kwanza, kwani hata upungufu wa damu huukimbiza moyo. Na mgonjwa asiachiwe simu peke yake. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kuwa wasio na mtu wa kuwafuatilia ndio huacha njiani. Mabingwa wa afya ya akili tunao wachache, lakini muuguzi aliyefundishwa anaweza kupiga simu mara moja kwa wiki, akauliza vituo vingapi vimepita. Serikali iwalipe wauguzi hao, na programu ziandikwe kwa Kiswahili, maana aliyeshikwa na hofu hana nafasi ya kuhangaika na Kiingereza.