Jumba la Mtwana: Mukipita, Musipapite Tu

(Mawaidha kwa vijana baada ya sala ya Tarawehe)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu na dada zangu, Ramadhan inakwenda mbio, na najua vijana mushaanza kupanga msafara wa Idd. Si vibaya, Idd ni siku ya furaha. Lakini kuna mahali pamoja nataka mukapaone kwa jicho jengine.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Malindi, ukishavuka daraja la Mtwapa, mbele kidogo unakata kulia kuelekea baharini. Hapo ndipo Jumba la Mtwana. Ulikuwa mji wa Waswahili katika karne ya 14, na katika karne ya 15 ukahamwa. Leo pamebaki kuta za mawe ya matumbawe, nyumba na misikiti isiyo na paa, chini ya mibuyu.

Nilipelekwa huko mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa madrasa. Kilichonibakia kichwani ni bahari na sambusa! Idd iliyopita nikarudi na vijana, magari matatu, kelele njia nzima. Bahari ni ile ile, mibuyu ni ile ile. Lakini wenzangu watatu wa safari ile ya utotoni washatangulia mbele ya haki. Allah awarehemu.

Karibu na ufuo kuna msikiti, na ndani yake birika la maji ya kutawadha. Nje, upande wa kaskazini, ambako ndiko kwetu kibla, kuna kaburi lenye maandishi ya Kiarabu. Ni aya ya 185 ya Suratul Aal-Imran, inayotukumbusha kuwa hakuna nafsi itakayoepuka mauti, na kwamba ujira kamili ni Siku ya Kiyama. Kijana mmoja akaisoma kwa sauti. Wallahi, hata waliokuwa wakijipiga picha walinyamaza.

Jamani, hawa walikuwa watu kama sisi. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akasifu dini yao, na akaeleza kuwa milangoni mwa misikiti palikuwa na visima, mtu huosha miguu ndipo aingie. Walianza na maji ya sala.

Sasa angalieni. Aliyejenga birika lile hatumjui jina, lakini vizazi vilitawadha hapo. Na sisi tukifika twataka kukwaruza majina yetu ukutani! Ni lipi kati ya hayo mawili litakalomfaa mtu kaburini?

Basi nawausia. Msafara upangwe kwa nyakati za sala, si sala ipangwe kwa msafara. Musiandike kuta, na taka zenu murudi nazo. Wazee, fuataneni na watoto muwasomee aya ile na maana yake. Na nyote, kabla ya Idd kufika, kila mmoja aache japo jambo dogo la kumfaa mwenziwe: ndoo ya maji msikitini, futari kwa jirani, msahafu kwa yatima.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.