Neno kwa Mkristo Mwenye Shaka

Masomo: Zaburi 13, Marko 9:14-29, Mathayo 28:16-20

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo Wakristo wengi hulificha, nalo ni shaka.

Sisi tulio wachungaji katika sehemu hizi za Embu na Meru twakutana na shaka mara nyingi, lakini kwa kawaida haiji kanisani mchana. Huja nyumbani kwetu jioni. Mtu huketi, hunywa chai, huzungumza habari za ng'ombe na karo ya watoto. Anapoinuka kwenda zake, ndipo husema pale mlangoni, "Mchungaji, siku hizi nikiomba naona kama nasema na ukuta." Pengine mtu huyo ni mama wa Mothers' Union. Pengine ni mzee wa kanisa ambaye watu humtazama kama nguzo.

Swali gumu kuliko yote tunayoulizwa latoka katika nchi yetu yenyewe. Mtu akianza safari asubuhi kule Manyatta, penye majani ya chai na migomba, akashuka kupitia Embu mjini hadi Kiritiri, atafika kabla ya saa sita katika nchi nyingine kabisa, nchi ya mtama, ndengu na miti ya miiba. Vivyo hivyo mtu ashukaye kutoka Chogoria kwenda Marimanti katika Tharaka. Mlima ni mmoja, lugha zakaribiana, kanisa ni moja, lakini mvua si moja.

Wazee wakumbuka mwaka 1984, masika ilipokosekana, Serikali ikaagiza nafaka kutoka ng'ambo, na watu wakala mahindi ya njano. Vijana nao wakumbuka miaka ya karibuni. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipita katika sehemu kavu za Kenya bila mvua ya kutosha. Makanisa yaliomba. Watu wa juu waliomba na watu wa chini waliomba, kwa kitabu kile kile cha sala. Basi mama mmoja wa Mbeere akiuliza, "Je, Mungu aliwasikia wale wa juu, sisi akatusahau?" tumjibu nini?

Kuna watu wenye jibu la haraka. Husema, "Nchi kavu ina dhambi nyingi," au, "Wale hawakuomba kwa imani." Ndugu wapendwa, jibu hilo si la Kristo. Yeye mwenyewe alifundisha katika Mathayo 5:45 kwamba Baba hunyeshea mvua wema na waovu. Na katika Luka 13 alipotaja watu 18 waliouawa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa wazo la kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao. Mhubiri anayemlaumu mwenye njaa kwa ajili ya njaa yake amesema neno ambalo Bwana hakumtuma.

Tena, yeyote aliyesoma jiografia shuleni ajua kwamba pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mlima wetu, zikapoa, zikamwaga mvua yake huko juu, na nyanda za chini hupata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kabla wamisionari wa C.M.S. hawajafika Kigari mwaka 1910, wala kuja kwa Injili hakukugeuza njia ya upepo. Mvua ya Manyatta si cheti cha utakatifu, na ukame wa Kiritiri si hukumu.

Lakini twajua kwamba mwenye njaa hashibi kwa jiografia. Tukimwachia hapo, atarudi nyumbani na shaka yake ile ile. Kwa hiyo na tutazame Maandiko yasema nini kwa yule ambaye bado ana shaka.

Kwanza, Maandiko hayamzuii mtu kumwambia Mungu shaka yake. Soma Zaburi ya 13. Mwenye kuomba amwuliza Mungu mara nne ni mpaka lini atasahauliwa na kuteseka. Naye haulizi majirani, wala hanung'uniki kilabuni. Amwuliza Mungu mwenyewe. Hapo pana tofauti kubwa. Mtoto anayemlilia mama yake, "Mbona hukunipa chakula?" bado yu nyumbani. Aliyepotea ni yule aliyeacha kumwita mama. Basi wewe uonaye kama wasema na ukuta, mwambie Mungu hivyo hivyo. Hiyo nayo ni sala.

Pili, Bwana Yesu hakumfukuza mwenye imani nusu. Katika Marko 9 twamwona baba aliyeleta mwanawe mgonjwa. Wanafunzi walikuwa wameshindwa kumponya. Baba yule alikiri kwamba aamini, na papo hapo akaomba asaidiwe mahali imani yake inapopungua. Bwana hakumwambia, "Nenda kwanza ukamalize shaka zako, kisha urudi." Alimponya mtoto siku ile ile. Yohana Mbatizaji naye, akiwa gerezani, alituma watu kumwuliza Yesu kama ndiye kweli. Bwana hakumkemea. Aliwarudisha wajumbe wakamweleze walichokiona na kukisikia.

Tatu, Tomaso hakuacha kukaa na wenzake. Siku ya kwanza hakuwapo, na waliposimulia hakuamini. Lakini baada ya siku nane alikuwa pamoja nao chumbani, naye Bwana akaja. Wengi wetu tukipata shaka twafanya kinyume. Twaacha ibada, twakwepa mkutano wa ushirika wa nyumbani, na Jumapili ya Meza ya Bwana twabaki nyuma tukisema hatustahili. Rafiki, ikiwa umeacha Meza kwa sababu huna uhakika kama zamani, twakusihi urudi. Watu hawaji pale kuonyesha imani yao ilivyo kubwa. Huja wamenyosha mikono mitupu ili wapewe.

Hata hivyo, na tuseme kweli yote. Iko shaka inayotafuta, na iko shaka inayojificha. Mtu amedhulumu ndugu yake shamba, kisha asema hana hakika kama Mungu yupo. Huyo hana haja ya mahubiri juu ya shaka. Na arudishe shamba kwanza.

Na yule mama wa Mbeere je? Twamkumbuka Mtume Paulo, aliyewahimiza Wakorintho wachangie watakatifu wa Yerusalemu, ili wingi wa hawa usaidie upungufu wa wale. Basi enyi ndugu wa nchi ya juu, mvua iliyonyesha kwenu haikuwa yenu peke yenu. Magunia ya mahindi na maharagwe yaliyo ghalani mwenu huenda ndiyo jibu ambalo mama yule aliliomba, nalo limecheleweshwa njiani na mikono yetu. Kabla hatujauliza mbona Mungu hakusikia, na tuulize kama sisi tulisikia.

Nanyi wa nchi ya chini, ninyi mna jambo la kutufundisha. Wakulima wengi wa huko hupanda kabla mvua haijanyesha, mbegu ikaingia katika udongo mkavu. Mkulima yule hana hakika. Atazama mbingu, haoni wingu. Amewahi kupanda hivyo, mbegu ikaliwa na mchwa na ndege. Lakini msimu ukifika, huchukua jembe lake tena. Hakuna amwambiaye, "Ngoja mpaka shaka iishe ndipo upande." Akingoja hivyo, mvua itanyesha juu ya shamba tupu. Kuamini katika siku za shaka kwafanana na kazi hiyo. Omba ijapokuwa moyo ni mzito. Soma sura yako. Mtembelee mgonjwa. Moyo mara nyingi huja nyuma ya mikono.

Mwisho, fungueni Mathayo 28:16-17. Wale kumi na mmoja walipanda mlimani Galilaya, wakamwona Bwana aliyefufuka, wakamsujudia. Na Mathayo hakuficha kwamba baadhi yao waliona shaka. Bwana hakuwatenga wale wenye shaka upande mmoja. Aliwatuma wote, na kwa wote akaahidi kuwapo pamoja nao siku zote.

Tuombe.

Ee Baba, wajua walio na nguvu na walio na shaka asubuhi hii. Wape mvua walio katika ukame, na utupe sisi mikono isiyofungwa. Asiyeweza kuomba, umsikie akiwa kimya. Umshike yeye ambaye hawezi tena kukushika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.