Pampu ya Mafuta katika Injini Ndogo za Ndege za Mfano



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kidogo ambacho chaweza kulala katika kiganja cha mtoto, nacho ni pampu ya mafuta itumikayo katika injini za ndege za mfano. Huenda mzee mmoja akauliza, "Mchezo wa vijana watuhusu nini sisi?" Twamjibu kwa heshima kwamba injini ile ndogo hufuata kanuni zile zile zifuatwazo na injini kubwa; na rafadha yake ikichomoka yaweza kumkata mtu kidole au kumharibu jicho. Tena kijana aliyetumia miezi mitatu kuchonga mbao na kuziunga kwa gundi, kisha akaiona kazi yake ikianguka kwa kukosa mafuta kidogo tu, yafaa ajue sababu yake.

Kwanza tuitazame injini yenyewe. Huitwa injini ya miendo minne kwa kuwa pistoni yake hufanya kazi nne, moja baada ya nyingine. Hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na mafuta. Hupanda na kuishindilia. Husukumwa chini mchanganyiko ule uwakapo. Kisha hupanda tena na kutoa moshi. Kanuni hii ndiyo aliyoitumia Nikolaus Otto wa Ujerumani katika injini yake ya mwaka 1876. Basi katika kazi hizo nne mhimili umezunguka mara mbili, lakini injini imevuta mara moja tu. Jambo hili likumbukwe, maana ndilo mzizi wa habari yetu.

Injini za namna hii zilizotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya ndege za mfano zilianza na ile FS-60 ya kiwanda cha O.S. huko Osaka, Japani, mwaka 1976. Ukubwa wake ulikuwa kama sentimita 10 za ujazo. Mafuta yake si petroli, bali ni spiriti iitwayo methanoli, iliyotiwa mafuta ya kulainisha, na mara nyingi nitromethani kidogo. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini. Waya huo hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha; kisha betri huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu kwa joto la injini na kwa methanoli inapokutana na platini.

Sasa mafuta hutokaje katika tangi yakafika kwenye silinda? Hewa ipitayo katika koo jembamba la kabureta hukimbia sana, na mahali hapo nguvu yake ya kusukuma hupungua. Ndipo mafuta huvutwa yakatoka katika tundu dogo linalopimwa kwa sindano. Mtu anywaye dafu kwa mrija aijua kazi hii. Mrija ukiwa mfupi, maji huja upesi. Ukiwa mrefu na dafu liko chini ya miguu, mashavu huchoka.

Hapa ndipo taabu ianzapo. Fundi atakaye nguvu nyingi hupanua koo la kabureta ili hewa nyingi ipite. Lakini koo likipanuka, hewa haikimbii sana, na mvuto wa mafuta hudhoofika. Tena katika ndege za kufanya michezo angani, mafundi wengi hupenda kuweka tangi katikati, karibu na mahali pa mizani, ili ndege isibadilike uzito wa mbele na nyuma kadiri mafuta yanavyopungua. Tangi likiwa sentimita 25 nyuma ya kabureta, ndege ikielekea juu wima, mafuta hayana budi kupanda sentimita 25 hizo. Ikielekea chini, hushuka yenyewe kwa kasi. Basi ikipanda, mafuta huwa haba, ikishuka, huzidi. Sindano moja haiwezi kutosha hali zote mbili.

Watu wengine huunganisha mrija kutoka bomba la moshi mpaka tangini, ili nguvu ya moshi iyasukume mafuta. Dawa hii ni nzuri, na ndege nyingi huruka kwayo bila taabu. Lakini katika injini ya miendo minne moshi hutoka mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo msukumo wake si sawa na ule wa injini ya miendo miwili, itoayo moshi kila mzunguko.

Msidhani taabu hii ni ya vitu vya kuchezea tu. Mwaka 1940, katika vita vya angani juu ya Uingereza, ndege za Spitfire na Hurricane zilikuwa na injini za Merlin zenye kabureta la chelezo. Rubani aliposukuma pua chini kwa ghafula, injini ilikwama kwa muda mfupi, na adui akapata nafasi. Injini za Messerschmitt hazikukwama hivyo, kwa sababu pampu ilisukuma mafuta moja kwa moja katika silinda zake. Mwaka 1941 mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, alibuni kipande kidogo cha madini chenye tundu, kilichozuia mafuta yasifurike katika kabureta. Kipande kidogo kama sarafu kilipunguza hatari kubwa.

Haya, tuifungue pampu yetu. Ndani yake mna kiwambo, yaani utando laini uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Upande mmoja wa kiwambo hupata hewa kutoka katika sanduku la mhimili, lililo chini ya pistoni. Upande wa pili una mafuta. Pistoni ikipanda, hewa ya sandukuni hulegea, kiwambo huvutwa, na mafuta huingia kutoka tangini. Pistoni ikishuka, hewa hubanwa, kiwambo husukumwa, na mafuta hutoka kwenda kwenye kabureta. Vali mbili ndogo hulinda njia: moja huruhusu kuingia tu, na nyingine kutoka tu, kama mdomo wa dema ambao samaki huupita akiingia asiweze kurudi. Na kwa kuwa pistoni hupanda na kushuka kila mzunguko, pampu hupiga mara mbili kwa kila mvuto mmoja wa injini. Pampu nyingi huwa na kidhibiti chenye springi, ili msukumo usizidi kiasi. Ndipo ndege ipande au ishuke, mafuta huja karibu sawasawa.

Lakini wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo isiyohitajiwa ni mzigo. Kabla ya kununua pampu, litazameni tangi kwanza. Likiwa karibu na injini, na katikati yake iwe sawa na sindano ya kabureta au chini kidogo, huenda pampu isihitajiwe kabisa. Itazameni mirija pia, kama imepasuka au imejikunja. Pampu haiponyi mrija uliotoboka.

Mwenye kutumia pampu na ashike mambo haya matano.

La kwanza, afuate maagizo ya mtengenezaji juu ya tundu la hewa la tangi, maana pampu nyingine hutaka liwe wazi, wala lisiunganishwe na moshi.

La pili, aweke chujio kati ya tangi na pampu. Chembe moja ya mchanga ikikaa katika vali, mlango haufungi, na pampu haifanyi kazi.

La tatu, asiache mafuta yakaingia ndani ya silinda wakati wa kujaza tangi. Maji hayashindiliki kama hewa, wala mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kutumia mashine ya kuwashia, betri ya plagi ikiwa bado haijaunganishwa, azungushe rafadha kwa mkono polepole. Ikigoma, asiilazimishe, atoe plagi, amwage mafuta. Akilazimisha, mkono wa pistoni waweza kupinda.

La nne, asipunguze mafuta kupita kiasi kwa tamaa ya mwendo. Injini yenye njaa hupata joto jingi, huwaka kabla ya wakati wake, hupiga kinyume, na rafadha yaweza kuruka kutoka mahali pake. Afungue sindano kidogo kupita pale penye mwendo mkubwa kabisa, kisha ainue pua ya ndege juu na kusikiliza. Sauti ikififia, mafuta bado ni haba. Naye asimame nyuma ya rafadha, wala watazamaji wasikae ubavuni mwake.

La tano, jioni amwage mafuta yote na kuiacha injini imalize yaliyobaki. Methanoli huvuta maji kutoka hewani, na maji huleta kutu. Tena methanoli ni sumu: akiinywa mtu hupofuka au kufa, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda.

Siku hizi mota za umeme zimechukua mahali pa injini hizi katika ndege nyingi. Hata hivyo kijana aliyefahamu kiwambo na vali mbili ameufahamu mvukuto wa mhunzi, na pampu ya kisima cha kijiji, na hata moyo wake mwenyewe upigao kifuani. Pampu ya kisima ikigoma kesho, yeye hatakaa akimngoja fundi wa mjini. Ataifungua, atatafuta chembe ya mchanga katika vali, na akina mama watateka maji.