Utumwa Ulivyokomeshwa, na Ulichotuachia

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Burat, karibu na Isiolo)



Majuzi nilikuwa hapa mtoni wakati wa kunywesha ng'ombe. Vijana wawili waligombania zamu, na mmoja akamwita mwenzake "mtumwa". Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nalijua neno hilo lilikotoka.

Kwa muda wa zaidi ya karne tatu Wazungu waliwavusha Waafrika bahari ya Atlantiki wakafanye kazi katika mashamba ya Amerika. Watu wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni, na karibu milioni 2 kati yao walikufa njiani. Uingereza, ambayo ilikuwa imepata faida kubwa, iliwakataza watu wake biashara hiyo mwaka 1807.

Kwetu Afrika ya Mashariki biashara iliendelea. Mwaka 1822 Seyyid Said alikubali watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Njia ya Arabuni ikabaki wazi. Mapatano ya mwaka 1845 yakaifunga hiyo. Njia ya Kilwa mpaka Lamu ikabaki wazi. Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash alikubali kulifunga soko la Unguja na kukataza watumwa wasichukuliwe baharini. Basi wafanya biashara wakawapitisha pwani kwa miguu, mpaka Seyyid akaikataza misafara hiyo mwaka 1876. Mwaona wenyewe: kila sheria ilifunga mlango mmoja na kuacha mwingine.

Lakini watumwa hawakukaa kungoja sheria. Wengi walitoroka mashambani, wakakimbilia Rabai na mahali pengine nyuma ya Mombasa. Mabwana zao walipowadai, haikuwezekana kuwarudisha wote. Tarehe 1 Januari, 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, na mabwana wakalipwa fedha.

Katika pwani ya Kenya utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria mwaka 1907. Hapo tena aliyestahili fidia ni bwana. Yule aliyepalilia minazi yake miaka yote hakupewa fedha wala shamba. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuandikisha ardhi ya pwani, na wengi waliokuwa watumwa, kwa kuwa hawakuwa na shamba la kudai, wakabaki kuwa maskwota katika ardhi ya watu wengine. Wajukuu wa baadhi yao wameurithi mzigo huo.

Ndugu zangu, soko la Unguja lilikuwa mbali na Burat, lakini neno limefika. Hapa twaishi pamoja Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali, na mto wetu ni mmoja. Katiba ya mwaka 2010 yasema mtu asiwekwe katika utumwa. Lakini hakuna sheria iwezayo kuingia kinywani mwa mtu. Mlango huo wa mwisho twaufunga sisi wenyewe.

Tena litazameni neno lenyewe. Mtumwa ni mtu aliyetumwa na mwingine. Hakujituma. Basi aibu si yake, ni ya yule aliyemtuma. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kijana akigombania zamu ya maji, na aseme habari ya maji.