Polo la mchele na muhogo wa kondeni

Bei ya chakula dukani Pemba huanzia baharini. Mchele mwingi tunaoula hutoka Asia au Tanzania Bara, kwa hiyo nauli ya chombo na gharama za kupakua Mkoani au Wete huishia kwenye kilo yako.

Mwenye uwezo hununua polo zima, kilo ikamtokea rahisi. Lakini tuutazame upande wa pili: mvuvi anayepata riziki yake siku kwa siku atatoa wapi fedha za polo? Yeye hununua kilo, pengine nusu, au hukopa dukani akingojea auze karafuu zake kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Na mikarafuu, mnajua wenyewe, haizai sawa kila mwaka.

Hapo ndipo ninapoutazama muhogo, majimbi, ndizi na shelisheli. Haya yote yamo humu humu kisiwani, nasi tumeyaachia futari ya Ramadhani. Ni kweli, wapo wasioshiba bila wali, na muhogo ukishang'olewa haukai.

Sasa nakuuliza msikilizaji: nyumbani kwako, wali unaweza kukosekana siku ngapi kwa wiki bila ya watoto kununa?