Nyonga Mpya, Mwendo wa Zamani

Mwaka 2007 jarida la The Lancet liliutaja upasuaji wa kubadilisha nyonga kuwa upasuaji wa karne. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma yake, inayosikika wodini na hata katika vikao vyetu wenyewe: kwamba kiungo kikishabadilishwa na maumivu yakakoma, mwendo utajirudi wenyewe, na kwamba anayeendelea kuchechemea baada ya hapo ni mvivu, mwoga, au alipasuliwa vibaya. Habari za daktari wa mifupa John Charnley, vikombe vyake vya nyonga vya Teflon vilivyosagika ndani ya miaka michache, na ushindi wake wa mwaka 1962 kwa kikombe cha polithini ngumu katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mnazifahamu, nami nazipita. Lisilotajwa sana ni kwamba Charnley alikuwa akikata kinundu cha juu ya mfupa wa paja, pale inapojishikiza misuli ya ubavu wa nyonga, kisha akikirudishia nje zaidi, huku kikombe akikizamisha ndani. Alitaka misuli hiyo ipate wenzo mrefu. Mtu anayeamini kwamba kiungo peke yake kinatosha hajitwishi kazi ya ziada kama hiyo, yenye hatari zake.

Shahidi wangu mkuu, hata hivyo, ni wa zamani zaidi. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alichapisha makala fupi kuhusu mwendo wa watu waliozaliwa na nyonga zilizoteguka. Maelezo yaliyotawala wakati ule yalidai kwamba watu hao huyumba kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja, kwa kukosa kikombe cha kukishika, huteleza juu na chini kila wanapokanyaga. Trendelenburg alisimama nyuma ya wagonjwa, nyonga zikiwa wazi, akatazama. Aliona kwamba mgonjwa akisimama kwa mguu wenye kasoro, upande wa pili wa fupanyonga hushuka badala ya kunyanyuka, na kiwiliwili huegemea upande wa mguu uliokanyaga ili mtu asianguke. Misuli inayopaswa kuishikilia fupanyonga isiiname ilikuwa imeshindwa. Kisha akaja na ushahidi ambao, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa hoja safi kabisa katika tiba ya mifupa: watu wenye ugonjwa wa kunyauka kwa misuli, ambao viungo vyao vya nyonga havikuwa na kasoro, walitembea kwa kuyumba vilevile. Kiungo kizima, mwendo mbovu. Dhana ya kuteleza ikakosa pa kusimama. Na haya yote aliyaona kabla Röntgen hajatangaza eksirei, jambo lililotokea mwishoni mwa mwaka huohuo. Sisi tulio na eksirei tumezoea kuikagua picha, tukaridhika, na mgonjwa akatoka mlangoni akiyumba bila yeyote kumtazama mgongoni.

Mgonjwa wa leo anafika chumba cha upasuaji akiwa ameshatembea kwa maumivu miaka mingi. Amejifunza kufupisha muda wa kukanyagia upande unaouma, kutoupeleka mguu nyuma ya mwili anapopiga hatua, na kuutupa uzito wake pembeni. Misuli ya mbele ya nyonga imejikunja ikawa mifupi, ya ubavuni imelegea, na ubongo umeyashika hayo yote kama ndiyo njia ya kutembea. Hakuna kisu kinachoyafikia mazoea hayo. Ndiyo maana vipimo vya maabara za mwendo vimeonyesha mara nyingi kwamba, hata miezi mingi baada ya upasuaji uliofaulu, wastani wa kasi, urefu wa hatua na kiasi ambacho nyonga hujikunjua bado viko chini ya vile vya watu wasio na tatizo. Afrika Mashariki hoja hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa selimundu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukinyima damu, na huwapata vijana. Aliyeanza kuchechemea akiwa sekondari, akabadilishiwa nyonga baada ya miaka kumi, anaweza kuwa hana kumbukumbu ya mwendo wa mtu mzima uliokuwa sawa.

Mpinzani makini atasema kwamba majaribio yaliyolinganisha wagonjwa wanaosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia na wale wanaofanya mazoezi nyumbani yameona tofauti ndogo. Ni kweli, lakini hao wa nyumbani nao walipewa mazoezi na kuelekezwa. Kilicholinganishwa ni mahali pa kujifunzia. Tena, kipimo kikubwa katika mengi ya majaribio hayo ni hojaji ya maumivu na shughuli za kila siku, na mtu anaweza kuijaza vizuri huku bado akiyumba. Wapo pia ambao mshipa wa fahamu au msuli wao uliumizwa wakati wa upasuaji, au mguu wao umerefuka kweli. Hao hawatanyooshwa na mafunzo peke yake, na ninakubali. Ila wengi wanaolalamika kwamba mguu umerefuka wana fupanyonga iliyoinama kwa misuli iliyokaza, na kuwainulia soli ya kiatu mapema mno kunaweza kuudumisha mwinamo huo.

Nimefika kwenye mkongojo, ambao nautetea kuliko wenzangu wengi. Mwaka 1956 Walter Blount, daktari wa mifupa wa Milwaukee, aliandika kuwasihi wenzake wasiutupe. Tuchukulie mtu wa kilo 60 aliyesimama kwa mguu mmoja: kilo 50 hivi zinaning'inia sentimita 10 kutoka kwenye kiungo, na msuli wa ubavuni unavuta kutoka sentimita 5 tu, hivyo unahitaji nguvu ya kilo 100. Mkono wa upande wa pili ukiukandamiza mkongojo kwa kilo 10, umbali wa sentimita 40, mzigo wa msuli unashuka hadi kilo 20. Ukishikwa upande uleule wa nyonga iliyopasuliwa, faida hiyo inapotea. Vipimo vilivyofanywa ndani ya nyonga bandia zenye vihisio huonyesha nafuu ndogo kuliko hesabu hii ya ubaoni, maana misuli hufanya kazi kwa kushirikiana. Wengine huongeza kwamba msuli usiobebeshwa hulegea. Lakini msuli dhaifu unaobebeshwa kilo 100 hauimariki wakati wa kutembea. Unashindwa, mwili unayumba, na kila hatua inarudia kosa. Nguvu itafutwe katika mazoezi, na hatua zipigwe fupanyonga ikiwa sawa.

Kwa mzee wa pwani bakora ni heshima. Kwa kijana wa miaka 25 ni aibu, naye ataitupa wiki ileile maumivu yanapokoma. Aambiwe kabla ya upasuaji kwamba ataiacha siku atakapoweza kusimama kwa mguu uliopasuliwa nusu dakika, bila kushika kitu, na upande wa pili wa fupanyonga usishuke. Zahanati yoyote inaweza kufanya kipimo hicho.