Posti Yenye Jina Lako

Leo tuanzie mbali kidogo, enzi za kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1955, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Morton Deutsch na Harold Gerard, waliwapa wanafunzi kazi nyepesi: kulinganisha urefu wa mistari. Kisha wakawaonyesha majibu ya uongo, kana kwamba ndivyo wenzao walivyojibu. Baadhi ya wanafunzi hawakuwa wameandika jibu lao popote. Wengine waliandika, wakafuta. Wengine waliandika na kutia sahihi. Waliofuata mkumbo zaidi ni wale ambao hawakuandika kitu; waliotia sahihi waling'ang'ania jibu lao.

Sasa itazame posti ya siasa. Ina jina lako, picha yako, na mashahidi wasiohesabika. Asubuhi ulikuwa na shaka na mgombea fulani. Jioni umeshaandika "huyu ndiye", na ile shaka huna tena pa kuiweka. Shemeji yako akimkosoa mgombea huyo, unawaka kana kwamba amekutukana wewe. Laiki nazo zinakupa cheo cha msemaji ambacho hakuna aliyekuteua kukishika. Kumbe maoni yamegeuka kuwa wewe mwenyewe!

Wengi huishia hapo na kulaani mitandao. Mimi siishii hapo, kwa sababu ya Kenya. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walitangaza mitandaoni kwamba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Katika nchi iliyozika zaidi ya watu 1,000 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, hayo si maneno mepesi. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Hilo lilivuma. Lakini kuna lililovuma kidogo: aliyeandika "sina kabila" mbele ya wenzake hawezi tena kumpigia debe mtu wa kwao kwa sababu ya jina tu, bila kuulizwa. Amejifunga, na safari hii amejifunga kwenye jambo jema.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiposti siasa, tetea hoja kabla ya kumtetea mtu. Na siku ukibadili mawazo, usiifute posti kimyakimya. Andika kwamba umebadilika, useme na sababu.